Sikio Lililonuna

Kuibiwa mume ni jambo moja. Kuambiwa na mwenye saluni kwamba mwizi wako anakosekana kazini ni jambo jingine, na hilo ndilo lililomkuta mtoboaji masikio.

Kiti cha dirishani kilikuwa kitupu tangu msusi alipoondoka, na mwenye saluni hakuruhusu mtu akikalie. "Hicho ni kiti cha mtu," alisema, kana kwamba mtu mwenyewe amekwenda safari ya heri. Wateja waliingia wakauliza, "Yule msusi wenu mwenye vidole vya cherehani yuko wapi?" Mwenye saluni akatazama chini. Aliyeuliza alijua, aliyeulizwa alijua, na mtoboaji, aliyekaa kona ya nyuma kati ya sinki la kuoshea vichwa na mlango wa choo, alijua kuwazidi wote. Msusi alikuwa nyumbani kwa fundi wa milango ya chuma. Fundi wa milango ya chuma alikuwa mume wa mtoboaji. Na binti wa mtoboaji, mtoto wake pekee, alikuwa amemfuata baba yake huko, kwa kuwa huko alipewa chumba chake mwenyewe na kioo kinachofika miguuni.

Mtoboaji alikuja kazini kila asubuhi. Alitoboa.

Kazi aliifanya kwa namna yake. Aliosha mikono mpaka vidole vikakunjamana. Alifuta sikio kwa pamba ya spiriti, akaweka nukta ya kalamu, akarudi nyuma, akafumba jicho moja, akaweka nukta ya pili. Mteja alipewa kioo aikubali nukta kwanza, maana nukta hufutika lakini tundu halifutiki. Kisha sindano mpya ilitolewa kwenye karatasi yake mbele ya macho ya mteja, na mteja alipokuwa bado anavuta pumzi kujitayarisha, kazi ilikuwa imekwisha. Ndiyo maana walimwita Mkono Mwepesi.

Watu waliliamini jina hilo kuliko alivyoliamini mwenyewe. Walisema kuna mikono miepesi na mikono mizito. Ukitobolewa na mwepesi unapona, ukitobolewa na mzito unaoza, wala usimlaumu mtu, ndivyo alivyoumbwa. Akina mama walizipita saluni nyingine njiani wakiwa na watoto mgongoni ili wafike kwake. Aliwaambia wasizungushe hereni, wasipake dawa ya meno, waoshe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, kisha wakiache kidonda kama kilivyo. Waliitikia kwa adabu, wakaenda nyumbani kuzungusha na kupaka. "Ah, mkono wake mwepesi yule, hata ufanye nini litapona." Sifa ilikuwa inamharibia kazi. Lakini ni nani anayeikataa sifa inayomletea riziki?

Na pale saluni walikuwa na neno lao. Sikio lililotoka kutobolewa likivimba kidogo, likawa la moto, likamfanya mtu akae kwa kuinamisha kichwa kama kuku aliyenyeshewa, husemwa limenuna. Mtoto hununa akiguswa bila kuombwa radhi, na sikio ni vivyo hivyo. Limenuna tu, usilisumbue, litacheka lenyewe. Mtoboaji ndiye aliyelianzisha neno hilo, kwa kuwatuliza watoto, na wote waliofanya kazi pale walilichukua, msusi akiwa mmoja wao. Msusi alilichukua neno kama alivyochukua vingine.

Siku hiyo, mchana, wifi yake alikuja kuoshwa nywele. Wifi alikuwa dada wa yule fundi, mwanamke mwenye mdomo usio na mlango wala dirisha. Msichana wa kuosha alikuwa amekwenda kula, kwa hiyo mtoboaji akakunja mikono ya gauni akamwosha mwenyewe.

"Hujambo, wifi."

"Sijambo. Bado mimi ni wifi yako?"

"Aliyekuacha ni kaka yangu. Mimi sijakuacha. Punguza maji, yananiingia shingoni."

Mtoboaji akapunguza maji, akamwaga sabuni, akaanza kusugua. Wifi akafumba macho, na akifumba macho ndipo mdomo ulipofumbuka vizuri.

"Binti yako naye sikio limenuna."

Mikono ya mtoboaji iliendelea kusugua. Kwa hiyo mtoto ametoboa, na hakumwambia. Binti wa Mkono Mwepesi amekwenda kutobolewa kwingine, kama mtoto wa mwokaji anayeomba mkate kwa jirani.

"Nani amemtoboa?"

"Unauliza na unajua? Mwenye nyumba. Amenunua ile bunduki ya kutobolea, ya kisasa, anasema haigusi mtu kwa mkono kwa hiyo ni safi. Paa! Imekwisha. Mtoto mwenyewe alifurahi, akajitazama kwenye kioo siku nzima."

"Sawa," alisema mtoboaji. "Kama limenuna litacheka." Habari hiyo ilimchoma, lakini ilimchoma kama mwanamke, si kama mtoboaji. Tundu la pili kwenye ndewe, ile nyama laini ya chini, ni kitu kidogo. Wasichana wote walikuwa wanalitaka.

"Lakini hilo limenuna mno, wifi. Analala upande mmoja kama samaki wa kukaangwa. Hata upepo wa mlango ukimpiga analia. Na limefura, linang'aa kama biringanya. Huku chini hakuna kitu, ni huku." Wifi akatoa mkono uliojaa povu akagusa sikio lake, juu kabisa, pale sikio linapojikunja.

Mikono ya mtoboaji ikasimama ndani ya povu.

"Huku wapi? Rudia."

"Huku juu. Kwani vibaya? Ndiyo mtindo."

"Chini hakujavimba?"

"Nimekwambia chini ni kama kawaida. Mbona unanikaba kichwa?"

"Juu halinuni," alisema mtoboaji.

"Eh?"

"Juu halinuni, wifi. Juu linaoza."

Alikumbuka binti alipopita saluni karibuni, amejifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi. Alisimama mlangoni, hakuingia. "Shikamoo mama, napita tu." Mama alidhani amefundishwa kumkwepa, akamwitikia kwa mdomo mkavu, akarudi kwenye pamba zake. Mtoto alikuwa amesimama na moto sikioni, na mama yake alikuwa anapima salamu.

Akavua aproni.

"Unakwenda wapi? Na povu langu?"

"Maji yako hapo, na mikono unayo."

Wifi akajimwagia maji nusu, akajifunga taulo kichwani, akatoka mbio nyuma yake. Kitu cha kutazamwa hakimpiti mtu wa namna ile.

Sikio la chini ni nyama, nyama ina damu nyingi, na damu hupigana. Juu ni kifupa laini kilichovikwa ngozi nyembamba, damu yake ni ya kunyunyiziwa. Kikiingiwa na uchafu hakina askari. Hayo aliambiwa na muuguzi mmoja, mteja wake, aliyemwonyesha picha ya sikio la mtu lililosinyaa kama uyoga uliokauka. Tangu hapo, aliyetaka kutobolewa juu alimrudisha: nenda hospitali, kuna wanaofanya kwa sindano maalumu, mimi sifanyi. Wengine walimcheka. Msusi alikuwa mmoja wa waliomcheka.

Mtoboaji alikuwa ameapa kwamba nyumba ile hataikanyaga mpaka atolewe roho. Alipofika mbele yake alisimama kidogo, si kwa sababu ya kiapo, bali kwa sababu ya mlango. Miaka yote ya ndoa alimwomba mumewe mlango wa chuma, naye alimwambia mafundi hawajifanyii. Nyumbani kwake mlango ulikuwa wa mbao, unaofungwa kwa msumari uliopindwa. Huu hapa ulikuwa na maua ya chuma yaliyokunjwa petali moja moja, na ndege wawili juu. Alimsukuma ndege mmoja usoni akaingia.

Sebuleni binti alikuwa amekalishwa kwenye stuli, taulo mabegani. Baba yake, mikono bado ina masizi ya kazini, alikuwa amemshika kichwa kwa viganja viwili kama anayeshika tikiti. Msusi alikuwa amepiga goti mbele yake. Mkononi alikuwa na koleo, lile dogo la fundi la kukunjia nyaya. Mezani kulikuwa na bakuli la maji yanayotoa moshi, chupa ya spiriti, dawa ya meno, na maganda ya vidonge vya rangi mbili yaliyofunguliwa na kumwagwa unga wake.

Unga huo ulikuwa juu ya sikio. Ulikuwa umechanganyika na usaha ukawa ukoko wa njano, na chini ya ukoko sikio halikuwa na mikunjo tena. Mikunjo yote ilikuwa imejaa, likawa donge moja linalong'aa, na hereni ya chuma cheupe imezama katikati kama msumari kwenye tairi.

"Karibu," alisema msusi bila kuinuka. "Mkono Mwepesi amekuja kutubariki."

"Weka koleo chini."

"Usianze," alisema fundi. "Hapa si kwako."

"Najua si kwangu. Mlango umeniambia. Weka koleo chini."

"Hereni ndiyo inayoleta sumu," alisema msusi. "Ni ya bandia. Naitoa, namwekea ya dhahabu. Dhahabu haiozeshi."

"Dhahabu mpaka sasa haijamtibu mtu. Ukiitoa hapa tundu litaziba, usaha utabaki ndani ukitafuta njia, na njia yake itakuwa ni kile kifupa. Mpeleke hospitali. Wao ndio watakaoamua kama inatoka au inabaki."

"Mbona tumelikamua asubuhi na uchafu umetoka mwingi tu? Uchafu ukitoka ndio kupona kwenyewe. Na anazungusha kila anapokumbuka ili isigande."

"Nazungusha, mama," alisema binti kwa sauti ndogo. "Ninauma kitambaa halafu nazungusha."

Fundi akatazama pembeni. Mtoboaji aliona kwamba hata yeye hakuwa amelijua hilo la kuuma kitambaa.

Wifi alikuwa mlangoni, maji ya povu yakimtiririka shingoni. "Jamani," alisema, "sikio gani hilo? Jana halikuwa hivyo."

"Jana lilikuwa linapona!" msusi akasema. Sasa aliinuka, koleo mkononi. "Lilikuwa limenuna tu. Limeharibika tangu siku alipopita huko saluni, akatazamwa. Mkono wako ni mwepesi, mama, lakini jicho lako ni zito. Mtoto hana kosa. Kama una hasira, unikasirikie mimi."

Fundi alimtazama mke wake wa zamani. Alikuwa mtu wa chuma, mtu wa kupima kwa futi, lakini lile neno alikuwa amelimeza tayari, lilionekana kooni. "Kama umekuja kufurahi," alisema, "umeshaona. Nenda."

Sasa kuna jambo ambalo msomaji aliyewahi kuachwa atalijua bila kuelezwa. Mtoboaji alikuwa na maneno yaliyowekwa tayari kwa ajili ya mwanamke yule. Aliyatunga akifagia, aliyatunga akichemsha maji, aliyanoa usiku kucha hadi yakawa makali pande zote. Yalihusu nywele za kununua, na mkono uliokula sahani moja naye saluni, na waume wanaookotwa kama vitana vya mtu. Alijua akiyasema, hata fundi atajikunja. Yalikuwa ulimini, yanasukumana kutoka.

Na alijua pia kwamba akitamka moja tu, atatolewa nje. Akitolewa nje, koleo litarudi kwenye sikio.

Akameza. Ilimuuma kama kumeza mfupa.

"Mwenzangu," alisema.

Wifi akashika taulo lake. Neno hilo msusi alikuwa amelitafuta sana. Lilikuwa ndilo neno la mke kwa mke, na hata salamu alizowahi kutuma kupitia watu zilikuwa na ndoano ya kulivua: mwambieni mwenzangu hivi, mwambieni mwenzangu vile. Mtoboaji alikuwa amejibu mara zote kwamba mwanafunzi wake wa kushika pamba hawezi kuwa mwenzake.

"Mwenzangu, nakuomba. Sina jicho. Kama ninalo, nifunge kitambaa. Lakini twende hospitali sasa hivi, gari likiwa mbele na hasira zikiwa nyuma. Gusa shingo yake."

Msusi hakugusa. Fundi ndiye aliyegusa, chini ya sikio, na mkono wake ukarudi haraka kama aliyegusa chuma kilichotoka kuchomelewa.

"Ana homa," alisema.

"Tangu lini?" mtoboaji akamuuliza binti.

Binti alimtazama msusi kwanza. Kule kutazama kulimweleza mama yake mengi.

"Tangu juzi. Lakini aliniambia nisiseme..."

"Niliogopa!" Msusi alilia kwa ghafla, bila kujitayarisha, uso wote ukaporomoka. Alionekana mdogo, na kweli alikuwa mdogo. "Hospitali watauliza nani alimtoboa. Kuna mtu nilisikia alipelekwa polisi. Na huyu," akamwonyesha fundi kwa koleo, "huyu ataniambia nini? Aliniaminia mtoto wake. Nilijua litatulia. Niliweka kila kitu. Niliweka kila kitu kilichopo dukani!"

"Uliweka," alisema mtoboaji. Hakuwa anamhurumia. Alikuwa anatazama koleo. "Nipe hicho. Wakiuliza nani alitoboa, nitasema ni mimi."

"Wewe?"

"Mimi. Nipe koleo."

Msusi akampa.

Jirani mmoja alikuwa na gari la kusambazia maji, na madumu yakashushwa upesi kuliko siku zote. Binti alikaa mbele katikati ya baba yake na dereva. Wanawake watatu walikaa nyuma kwenye bodi, wamejishika, hakuna aliyemtazama mwenzake, na taulo la wifi lilipeperushwa likaenda zake.

Hospitalini walipitishwa haraka, na hiyo haraka ilimtisha mtoboaji kuliko foleni. Daktari alikuwa kijana mwenye macho ya mtu asiyelala. Alilimulika sikio, akalibonyeza kidogo kwa kidole chenye glavu, na binti akapiga ukelele uliowafanya watu wa nje wainuke.

"Nani alimtoboa huyu?"

"Mimi," alisema mtoboaji.

"Kwa kifaa gani?"

Hapo alisita. Yeye hakuwa amewahi kuishika bunduki ile maishani mwake. "Kwa bunduki."

"Bunduki? Kwenye gegedu, kifupa hiki cha juu?" Daktari alimgeukia kabisa. "Mama, ile ni ya ndewe, na hata huko siipendi. Ile haitoboi, inasukuma kwa nguvu. Hereni yake ni butu. Inapasua gegedu vipande. Na haichemshwi, ni plastiki, damu ya huyu inakutana na damu ya yule. Umetoboa wangapi namna hii?"

"Ni huyu tu."

"Na huu unga?"

"Wa vidonge."

"Vidonge humezwa! Ukivimwaga hapa vinafanya ganda, ganda linafunga usaha." Muuguzi aliyekuwa anaandaa sinia alitikisa kichwa. Pazia lilikuwa wazi. Kwenye benchi la kungojea kulikuwa na wanawake wenye watoto, na mtoboaji alizitambua hereni mbili tatu, alizitia yeye. Waliozivaa walikuwa wanamtazama. Mmoja alimwinamia mwenzake akamnong'oneza, na mwenzake akamvuta mtoto wake karibu.

Msusi alikuwa ameegemea ukuta.

"Tutaitoa hereni," alisema daktari, "tutafungua pembeni, tutasafisha."

"Si nilisema itolewe!" Neno lilimtoka msusi kabla hajalizuia.

Daktari hakugeuka. "Kuitoa si kosa. Kosa ni kuitoa nyumbani, mkakaa mkidhani kazi imekwisha. Hapa anaanza dawa ya sindano kwanza. Tatizo lenu si hereni. Tatizo lenu ni kuchelewa."

"Daktari," wifi akauliza kutoka mlangoni, "si labda ni mkono tu? Kuna watu mikono yao mizito."

Muuguzi ndiye aliyejibu, bila kuinua macho. "Sikio halijui nani amelitoboa, mama. Linajua mahali, linajua kifaa, na linajua kama mnaliacha au mnalichokonoa. Haya, tokeni."

"Litakatwa?" mtoboaji akauliza. Hakutoka.

"Sijui," alisema daktari. "Kama gegedu halijafa, litabaki. Kama limekufa, sehemu hiyo itatoka, na sikio litakunjamana. Nikifungua ndiyo nitajua."

Alifungua. Kwenye benchi walisikia kilio kimoja kirefu, halafu kimya, halafu sauti ya chuma kwenye sinia. Fundi alikuwa anaukwangua ukuta kwa kucha bila kujua. Mtoboaji alikaa na mikono yake mapajani, ile mikono aliyosifiwa, na aliitazama kama vyombo vya mtu mwingine. Wakati wote ule hakuweza kufikiri ila jambo moja, kwamba mtoto alikuja mpaka mlangoni.

Daktari alitoka akiwa anavua glavu. Alisema wamesafisha, kwamba kuna sehemu haikumpendeza, kwamba wasimwulize zaidi mpaka bandeji ifunguliwe, na kwamba binti atalala pale kwa dawa.

Basi alilala pale, na mama yake alilala chini ya kitanda chake kwenye kanga. Fundi alileta chakula. Msusi alikuja naye, akasimama nje ya mlango wa wodi, hakuingia. Wifi alikuja kila siku, na kila siku alileta habari ambayo hakuulizwa: mjini wanasema Mkono Mwepesi ameozesha sikio la mwanawe kwa wivu, wanasema mkono umegeuka, hutokea, wanasema hata mwenyewe alikiri mbele ya daktari, mimi nilikuwepo.

"Na wewe uliwajibu nini?"

"Mimi? Mimi niliwaambia kweli, ulikiri."

"Wifi, ulikuwepo sebuleni pia."

"Ah, sebuleni ni mambo ya nyumbani," alisema wifi.

Mwenye saluni alituma ujumbe kwamba asijisumbue kurudi haraka.

Asubuhi ya kufungua bandeji, muuguzi alikuja na bakuli la maji ya chumvi. Bandeji ilikuwa imeshikana na kidonda, akaiachia ilowe, akaivua taratibu kwa vidole vya mtu anayefungua barua ya msiba. Mtoboaji alisimama upande wa sikio. Binti alikuwa amekaza macho kwenye uso wa mama yake, maana hakupewa kioo.

"Lipo?" binti akauliza.

Mama alitazama. Uvimbe ulikuwa umekwisha. Chini, ndewe ilikuwa nzima kabisa, na tundu lile la utotoni katikati yake. Mikunjo ilikuwa imerudi. Juu, pale pa kujikunja, palikuwa pamedidimia, upindo umeingia ndani kama ukingo wa karatasi iliyolowa.

"Lipo."

"Lote?"

"Lote. Juu limejikunja kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Angeweza kusema uongo. Alikuwa amezoea karibuni. "Kama ukucha wangu huu," alisema, akamwonyesha ukucha wa kidole kidogo. "Litabaki hivyo, mwanangu. Halitarudi."

Binti aliinua mkono. Muuguzi akamzuia. "Hakuna kugusa. Hakuna kuzungusha, maana hata cha kuzungusha hakipo. Asubuhi na jioni unaosha, unakausha, basi."

Binti akalia, lakini kilio cha mtu aliyepimiwa na kujua kipimo. Mama yake alimwacha alie. Alipomaliza alijifuta kwa shuka.

"Sitaki kutoka nje watu wanione hivi."

"Utavaa kitambaa."

"Daktari amekataa kitambaa, kinatia jasho." Akavuta uzi wa shuka. Kisha akasema, bila kumtazama mama yake: "Nikisukwa kwa kulaza upande huu, hapataonekana. Na hapatabanwa."

Mtoboaji alijua kutoboa. Kusuka hakujua, nywele za mtoto huyu tangu utotoni zilisukwa saluni, kwenye kiti cha dirishani. Alisimama na bakuli mkononi. Angeweza kusema subiri, nitatafuta mtu. Mjini kulikuwa na wasusi wengi.

Binti alikuwa amekwisha kugeuza kichwa kuelekea mlangoni.

Akaliweka bakuli chini, akaenda, akafungua mlango. Msusi alikuwa pale, ameegemea ukuta, mkoba kifuani. Nyuma yake fundi alikuwa anamweleza mtu kwenye simu kwamba mke wake mpya ndiye aliyeiona homa kwanza.

"Unaitwa," alisema mtoboaji. "Osha mikono kwanza. Pale."

Msusi akaosha. Aliosha muda mrefu. Akaja nyuma ya kitanda, akagawa nywele kwa mkia wa kitana, na mstari wa kwanza ukapinda, akaufumua akaanza upya. Mtoboaji alisogea, akaweka kiganja kati ya nywele na kidonda, akalikinga sikio.

"Usivute hapo."

"Sivuti."

"Unavuta."

Msusi akalegeza.